Ngoma Iliyoitwa Mzinga: Maisha ya Rodah Kavindu Muasya, 1950–2025

Wachungaji mliotuongoza tangu asubuhi, wazee wa ukoo mliosafiri kutoka Mbooni, akina mama wa Kangemi, majirani wa Loresho na Kileleshwa, wafanyakazi wenza wa binti yetu kutoka Westlands, na nyinyi nyote mliosimama juani hapa kiwanjani kwa sababu ambayo mtaielewa nikifika mbele kidogo, familia imemchagua huyu anayesimama mbele yenu, Wambua Muema, kitinda mimba wa nyumba ya kina marehemu, awasomee maisha ya dada yake, wakamwonya asiongeze chumvi, naye amekubali, isipokuwa pale ambapo ukweli wenyewe ulikuja na chumvi yake.

Rodah Kavindu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1950 katika kijiji cha Kyandue, Mbooni, wakati huo ikiwa chini ya wilaya ya Machakos, mtoto wa kwanza wa mzee Muema na mkewe, na kwa kuwa mama yake alishinda mlimani akichimba matuta ya chifu kwa lazima, mtoto alilelewa mgongoni mwa nyanya yake, Susu Nzula, mwanamke mfupi, mweusi tititi, mwenye viganja vya kuwatosha watu wawili, ambaye kutoka Mbooni hadi Kilungu alijulikana kwa jambo moja, kupiga kilumi.

Kwa nyinyi ambao si wa kwetu, kilumi ni ngoma ya akina mama, ya kuomba mvua, ya kutuliza mgonjwa, ya kuwakumbuka waliotutangulia, nayo hupigwa kwa gogo refu lililowambwa ngozi upande mmoja, ambalo mpigaji hulipanda kama punda, na gogo la Susu Nzula, lililochongwa kwa mti wa mukau na baba yake mwenyewe, lilikuwa na sauti ambayo, tunavyosimuliwa na watu wasio na sababu ya kudanganya, ilifanya mbuzi wa ng'ambo ya bonde waache kula wainue vichwa, na mawingu, ambayo kwetu Ukambani hupita tu kama watu wanaokwepa kusalimiana, yakageuka yakarudi.

Mwaka wa 1957, mwezi wa Agosti, misheni moja ya karibu pamoja na chifu wa siku hizo walitangaza kwamba kilumi ni kazi ya shetani, na juu ya hayo ni hatari kwa serikali, maana serikali ya mkoloni wakati ule iliogopa watu weusi watano wakikaa pamoja, sembuse hamsini wakicheza, na kila nyumba ikaamriwa ipeleke ngoma zake uwanjani zikachomwe, watu wakapeleka, wengine kwa kuogopa moto wa baadaye na wengine kwa kuogopa askari wa sasa hivi. Sasa, mtu yeyote wa Mbooni atakwambia kwamba gogo la ngoma na gogo la mzinga ni ndugu wa tumbo moja, mti ni huohuo, fundi ni huyohuyo, tofauti ni kwamba ngoma ina ngozi upande mmoja na mzinga umezibwa pande zote mbili ukaachiwa tundu la nyuki, nami nasema mzinga wa nyuki, kwa hiyo vijana wa Nairobi mnaojua mzinga wa chupa ya pombe peke yake, tulieni. Susu Nzula aliteremsha mzinga mzee ambao nyuki walishauhama, akauondoa kifuniko kimoja, akauwamba ngozi ya mbuzi, akaubeba mgongoni mpaka uwanjani akilia kwa sauti kuliko wanawake wote, huku ngoma yenyewe, imevuliwa ngozi na kuzibwa kotekote, ikining'inia juu ya mti nyuma ya nyumba kama mzinga mwingine wowote. Kavindu, aliyekuwa na miaka saba na siri ikimwasha mdomoni, alitembea kando yake macho makavu, nyanya akamfinya paja akamwambia kwa sauti ya chini, "Lia." Mtoto akauliza, "Nalilia nini, susu?" Naye akajibiwa, "Lilia huo mzinga, ulitupa asali nyingi. Ngoma haijaenda mahali."

Ule moto uliwaka mpaka jua likatua, ngoma za vijiji vinne zikawa jivu, na kutoka siku hiyo, kwa sehemu ile yote ya Mbooni, ilibaki moja, na waliojua mipigo yake yote walikuwa mwanamke mmoja mzee na mtoto mmoja wa miaka saba, na hilo ndilo jambo ambalo dada yetu alilibeba maisha yake yote, kwamba yeye akilegea, hakuna mwingine.

Alijiunga na shule ya misheni mwaka wa 1958, akasoma hadi darasa la nne, na ingefaa tuseme kwamba alikuwa mwanafunzi bora, lakini vidole vyake havikukubali, vilicheza juu ya dawati kutoka kengele ya kwanza hadi ya mwisho, akachapwa, akabadilishiwa dawati, akawekwa akae juu ya mikono yake, vidole vikahamia miguuni, mpaka mwaka wa 1962 mwalimu alipomwambia achague, ama vidole ama kalamu, akaweka kalamu chini kwa heshima na kwenda nyumbani. Mwaka wa kabla ya huo alikuwa amebatizwa, na mbatizaji alipomuuliza jina akasema Kavindu, akaambiwa mbinguni hakuna mtu anayeitwa Kavindu, naye, akiwa na miaka kumi na mmoja na maji yakimtiririka usoni, akasema, "Basi nitakuwa wa kwanza," wakamwandika Rodah hata hivyo, na leo, kama mnavyoona kwenye msalaba, majina yote mawili yamesafiri pamoja naye, wataelewana huko mbele.

Mwezi wa Februari 1969 alikuja Nairobi akaanza kazi ya upishi kule Loresho, katika nyumba ya mkubwa mmoja wa wizara ambaye jina lake tutaliacha lipumzike, mkewe akiitwa Mama Virginia, na katika boma hilo alimkuta mtunza bustani, kijana mrefu kutoka Mwala aliyeitwa Muasya Kitonga, ambaye hakuwa na maneno mengi ila siku moja alimletea asali kwenye mkebe wa majani ya chai. Kavindu alionja, akamuuliza, "Huu mzinga ulichonga wewe?" Muasya akasema ni yeye. "Na ngoma unaweza?" Akafikiri kidogo, akasema, "Ni kitu moja. Ni vile tu unaacha upande mmoja uongee." Kuna wanaume walimtaka dada yetu wakiwa na baiskeli, mmoja alikuwa na redio, lakini baada ya jibu hilo hakuna aliyeangaliwa tena, wakafunga ndoa kanisani tarehe 9 Desemba 1972, Mungu akawajalia watoto watatu, Kavutha mwaka wa 1973, Isaiah mwaka wa 1976 na Jacklyne mwaka wa 1981, na wajukuu saba ambao mnawaona hapo mbele wakipokezana simu.

Susu Nzula alipofariki mwaka wa 1974, Kavindu alikwenda Mbooni akamzika nyanya yake na kurudi na ngoma, imefungwa blanketi juu ya paa la basi, Muasya akachonga nyingine mbili za kuiunga mkono, na mwaka uliofuata kikaanza kikundi cha akina mama cha Kangemi, Jumamosi alasiri baada ya kufua, wanawake wa Kikamba waliokuwa wapishi na yaya na wauza mboga wiki nzima, na Jumamosi wakawa watu wenye jina. Mambo yalipopendeza, yakaanza kuchukiza wengine, mwaka wa 1978 kanisa alilokuwa akisali zamani, ambalo si hili, likamtenga na meza ya Bwana, naye hakuhama wala hakununa, aliendelea kuja kila Jumapili akikaa benchi la mwisho, na mzee mmoja wa kanisa alipomuuliza anafanya nini huko nyuma alisema, "Naangalia migongo yenu, wazee, nijue nani anachoka."

Miaka ya themanini ilipoingia, ikawa hakuna kukusanyika bila leseni, Kavindu akaenda kwa chifu wa siku hizo, ambaye alimkaribisha vizuri, akamwambia, "Leseni iko, mama. Lakini hizo nyimbo za mashetani mwache, muimbe za kusifu serikali." Dada yetu alikuwa na tabia ya kuuliza jambo kwa upole sana linapokaribia kumharibikia, akasema, "Chifu, hii ngoma tunapigia mvua. Kwani serikali inanyesha?" Karatasi ikapasuliwa mbele yake, akaambiwa kikionekana kijiti kikigusa ngozi Kangemi nzima atalala ndani, na vikundi vingine vilivyokubali kuimba sifa vilipewa kanga na kubebwa kwa lori, tukaviona kwa televisheni, vilicheza vizuri, hatuwalaumu, walikuwa na watoto, lakini Kavindu alisema ngoma ya Susu haitajifunza jina la mtu yeyote asiyeweza kuleta hata manyunyu. Wiki hiyo Muasya alivua ngoma zote tatu ngozi, akaziziba kwa vifuniko vya mbao, akazipandisha juu ya miti ya boma la Loresho, na Mama Virginia, aliyependa asali kuliko alivyompenda yule mkubwa wa wizara, akaona mizinga mipya akafurahi. Nyuki nao, ambao hawana habari na leseni, waliingia katika zile mbili za Muasya, ila ya Susu waliiacha, tusiulizwe kwa nini.

Ndipo ikafika wiki ya kwanza ya Agosti 1982, baada ya jaribio la kupindua serikali, wakati mji ulikuwa na kafyu, bunduki zinatafutwa hadi chini ya vitanda, na mlinzi wa boma la jirani, mtu aliyetaka kuonekana raia mwema, alipopiga simu kituoni akasema kuna Mkamba anapandisha mizinga juu ya miti, ziko tatu, na zote zimeangalia barabara kubwa. Sasa wewe jiweke mahali pa yule afande aliyeshika simu, wiki kama ile, aambiwe mizinga mitatu imeelekezwa Waiyaki Way, hatafikiria asali. Zilikuja lori mbili na Landrova, na ingawa wengine husema askari walikuwa ishirini, hesabu ya familia ni hamsini, wakazingira boma, wakalala kifudifudi katika maua ya Muasya, wakaita kwa kipaza sauti, na aliyetoka jikoni mikono juu, imejaa unga hadi kwenye viwiko, ni Kavindu.

Inspekta akamuuliza, "Wewe mama, mizinga iko wapi?"

"Iko juu ya mti, afande."

"Na unasema hivyo tu? Nani aliwapatia?"

"Mmoja ni wa nyanya yangu."

"Nyanya yako ni jeshi?"

"Amekufa, afande. Lakini alikuwa mkali."

"Inalipuka?"

"Ukiichokoza."

"Na inafika wapi?"

Kavindu akaangalia upande wa bonde akapima kwa macho, akasema, "Mtu akikimbia vizuri, itamwacha karibu na Kangemi."

Hapo Mama Virginia akajitokeza barazani na nywele zake zimefungwa vibanio, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Mizinga ni yangu, hao ni wafanyakazi tu," na inspekta, akiona ni mke wa mkubwa wa wizara anayekiri kumiliki silaha za kivita, alipiga saluti kwanza, kisha akafuta saluti, kisha akaamuru miti ipandwe. Dada yetu alikuwa amesimama chini akijua kwamba nyuki wangewaokoa wao, lakini hawangeiokoa ngoma, kwa maana ile ya Susu ilikuwa tupu, na askari akiifungua ataona matundu ya vigingi vya ngozi pembeni, atajua ni ngoma, na ngoma bila leseni wiki ile ilikuwa kesi, na shoka lilikuwa pale mkononi mwa konstebo. Alipoulizwa waanze na upi, akaonyesha kwa kidole, kwa adabu zote, mzinga wa katikati, ule mzito kuliko yote.

Nyuki wa mwaka ule walikuwa wakubwa, hili lazima lisemwe, na yale yaliyotokea Loresho alasiri hiyo hayakuandikwa kwenye gazeti lolote kwa sababu hakuna aliyetaka kutoa taarifa, konstebo alishuka bila kutumia ngazi, Landrova iliondoka na milango wazi, kikosi kikatawanyika hadi mtoni, na inspekta mwenyewe alipatikana ndani ya tangi la maji la Mama Virginia, kofia yake ikielea. Lakini tusicheke mpaka tukasahau, kwa sababu askari walirudi kesho yake, wakavunja ile mizinga miwili yenye nyuki kwa kuimiminia petroli, wa tatu wakauogopa wakauacha, na Muasya na mkewe wakachukuliwa, Muasya akapigwa kwa upande wa kushoto wa kichwa hata sikio lile halikusikia tena, na mpaka alipofariki mwaka wa 2011 alikuwa akikaa ameigeuzia ngoma sikio la kulia.

Kavindu aliwekwa katika seli ya wanawake, hakuambiwa kosa lake, mtoto Jacklyne akiwa Loresho ananyonyeshwa kwa chupa na Mama Virginia, jambo ambalo familia hii haijamsahau, na huko seli, ili asilie, dada yetu akaanza kupiga kilumi kwa viganja juu ya mapaja yake. Aliyekaa kando yake alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa kutoka Bungoma, Naliaka, aliyeshikwa wakati wa kafyu akiwa na mkate mkononi, akasikiliza muda, akauliza, "Hii yenu ni ya Wakamba?"

"Ni ya nyanya yangu."

"Na nyanya yako angekubali Mbukusu apige?"

"Nyanya hayuko," Kavindu akasema. "Nitaamua mimi. Weka mkono hivi. Si hivyo, unapiga kama unafukuza kuku."

Wale wanawake walipoachiliwa, wa makabila tunavyoambiwa kama tisa, walikuwa wakitoka seli wanajua kuitikia mpigo wa mvua wa Mbooni, na Naliaka, ambaye mnamwona pale amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichotandikwa leso, alihamia Kangemi akawa mkono wa pili wa dada yetu kwa miaka arobaini na zaidi, na tunapenda kusema wazi kwamba wale wa ukoo waliouliza mwanamke wa magharibi anahusika vipi na vitu vyetu wangekuja kwanza wajaribu kupiga nusu yake.

Kwa karibu miaka kumi kikundi kilijiita cha kufuma vyondo, vile vikapu vyetu, na walifuma kweli, lakini pia walifua, na kama ulipita Kangemi miaka ile ukaona wanawake kumi na wawili wanapiga nguo kwenye mawe na kugonga mitungi ya maji kwa mpangilio ambao si wa kawaida ya nguo chafu, basi ulisikia kilumi na hukujua, hata askari walisikia, mmoja alizoea kusimama akitikisa bega kabla hajaendelea na doria. Ngoma yenyewe ilibaki juu ya mti wa Loresho, Muasya akiiteremsha mara moja kwa mwaka kuipaka mafuta isipasuke, na mwaka wa 1985 nyuki walibadili mawazo wakaingia, ndiyo maana hadi leo ukiisogelea inanukia nta, na mambo ya siasa yalipolegea mwaka wa 1992 iliteremshwa kwa mara ya mwisho, ikawambwa ngozi, ikakalishwa motoni ikaze, na Kavindu alipoipiga mara ya kwanza ngozi ikiwa mahali pake, Muasya aligeuza kichwa upande wake mzima, akasema, "Ni hiyo."

Baada ya hapo mji ulimjua. Mwezi wa Juni 2003 kikundi kilipiga kilumi katikati ya jiji, pale mbele ya Makavazi ya Kitaifa, mchana kweupe, bila kujificha wala kufua chochote, na watu waliokuwa wakikimbilia magari wakasimama, wahubiri wa barabarani wakanyamaza, na tuna shahidi wa kuaminika kwamba vibaka wa barabara ya Tom Mboya walisahau kazi yao kwa saa nzima, mmoja akamrudishia mama pochi ili apate nafasi ya kupiga makofi. Mwaka wa 2012 bwana mmoja mwenye jumba la sanaa Westlands alikuja na gari zuri, akataka kuichukua ngoma aiweke ndani ya kioo, na taa yake, na maelezo yake, akasema huko itakuwa salama milele, na Kavindu akamkaribisha chai, akamuuliza kwa upole ule ambao sasa mnaujua, "Na huko ndani ya kioo itapigwa na nani?" Bwana akaeleza kwamba haitapigwa, itahifadhiwa. "Ilihifadhiwa juu ya mti, mwanangu," akamwambia. "Tulikuwa tunaona huruma kila siku. Kunywa chai."

Lakini palikuwa na jambo lililomnyima raha, kwa sababu watoto wake walikuwa wameokoka na kusoma, Kavutha alikuwa ameolewa mbali, Isaiah akawa shemasi na mtu wa ofisi mwenye nyumba nzuri Kileleshwa, Jacklyne akawa mhasibu katika jengo lile refu la Westlands lenye vioo vya kijani, na wote watatu walimpenda mama yao, wakamnunulia godoro na jokofu, ila hakuna aliyetaka kuipanda ile ngoma, wakisema, "Mama, hiyo tunawaachia nyinyi," kana kwamba hiyo nyinyi itakuwepo daima, na akina mama wa kikundi wakawa wanapungua mmoja mmoja, tukiwazika. Tarehe 19 Juni 2021 Kavindu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, na katika kilumi mkono wa kulia ndio unaosema, wa kushoto hujibu tu, kwa hiyo alipotoka hospitali alikalishwa mbele ya ngoma yake akajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, tunk, tunk, halafu kimya, halafu tunk.

Jacklyne ndiye aliyekuwa akimwogesha siku hizo, na Jumapili moja baada ya ibada, bado amevaa nguo za kanisa na viatu virefu, alisikia ile tunk akiwa jikoni hadi akashindwa kukata vitunguu, akaja akapanda nyuma ya mama yake, akapitisha mkono wake wa kulia mahali ambapo ule mwingine ungekuwa, akasema, "Haya, niambie." Mama akasema, "Vua viatu." Hivyo ndivyo walivyofanya kwa karibu miaka minne, ngoma moja, mama akipiga kushoto na binti kulia, mama akimkemea sikioni, "Unahesabu. Hii si ofisi, usihesabu," na majirani wa ghorofani waliolalamika mwanzoni walikuwa wakibisha mlango siku ambazo hawakusikia kitu kuuliza kama kuna ubaya, na ulipofika mwaka jana, Naliaka, ambaye hasifu ovyo, alisikiliza akiwa nje kwenye ngazi akauliza, "Huyo ni Kavindu peke yake ama wako wawili?"

Figo zilianza kumsumbua mwezi wa Novemba 2024, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho aliwaita wa nyumbani mmoja mmoja kitandani, akaeleza namna anavyotaka kuzikwa, kwamba pawe na sala, pawe na nyimbo za kitabu, na pawe na kilumi, kisha akasema, "Isaiah atataka kuificha. Mwambieni mimi nimeficha ya kutosha." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa kumi na mbili asubuhi, Jacklyne akiwa amemshika mkono wa kushoto, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Familia ilikutana Kileleshwa nyumbani kwa Isaiah kupanga mazishi, na kwa kuwa aliyefariki hakuwa mtu wa kufunikwa funikwa, tutasema yaliyosemwa, kwamba Isaiah, kijana mzuri, usijifiche nyuma ya huo mlingoti, alipendekeza kwenye ratiba tuandike mzinga, kama vile familia italeta asali kwa kumbukumbu, na mchungaji akishtuka ngoma imeshaanza, na wengi wetu tukacheka tukaona ni akili, ni akili ya Susu Nzula mwenyewe. Jacklyne hakucheka, alisema, "Mama alisema nini?" na Isaiah akachukua funguo za gari akasema, "Twende kwa mchungaji."

Mchungaji Tobias aliwasikiliza mpaka mwisho, na tunamheshimu kwa kutodanganya, akasema, "Ndani ya kanisa hapana, hiyo sitaweza kuwaeleza wakubwa wangu. Lakini kiwanja si kanisa, na mimi natembea kiwanjani kila siku." Isaiah, shemasi, mtu wa ofisi, akajibu, "Basi ibada ikiisha tutamtoa mama nje," na ndiyo sababu mnasimama juani, ndugu zetu, na ndiyo sababu mchungaji amesimama nasi badala ya kuingia ofisini, na mkifungua ratiba ukurasa wa tatu mtaona imeandikwa Ngoma ya Kilumi, kwa wino, kwa jina lake, jambo ambalo tangu mwaka wa 1957 halijawahi kuandikwa na mtu wa nyumba hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hata alipokuwa akigonga reli ya kitanda, majirani wa Kangemi kwa masikio yenu, wafanyakazi wenza wa Jacklyne waliochanga na kufika, boma la marehemu Mama Virginia kwa mti ule, akina mama wa kikundi walio hai na waliotangulia, Mchungaji Tobias na kanisa lake na kiwanja chake, na Naliaka, ambaye hatuna neno la kumtosha. Magari ya kwenda Mbooni yataondoka saa saba, mazishi ni kesho Jumamosi tarehe 15 saa nne asubuhi, na anayeona hawezi kusikia kilumi anaweza kusubiri upande wa magari bila kuchukiwa na mtu, wengine wasogee karibu, Jacklyne avue viatu.

Pumzika kwa amani, Kavindu wa Muema, wewe pumzisha mikono yote miwili, sisi hatujapumzika, ndiyo kwanza inaanza.